Besi ya Mjomba

Ukienda Matombo kwa njia ya Bigwa na Kiroka, milima ya Uluguru inakuwa mkono wako wa kulia karibu safari nzima, na wakati wa masika huioni kwa ukungu, unaisikia tu: maji yanashuka kila mahali. Jina la Matombo limetokana na miamba miwili iliyosimama kama matiti ya mwanamke. Kwa Kiluguru tombo ni titi, na ni neno hilohilo tunalotumia kwa tawi la ukoo, yaani watu walionyonya kwa bibi mmoja. Nayasema haya mapema kwa sababu bila hayo habari ya mjomba wangu haitaeleweka, wala ya yule kijana wa Kijerumani nitakayemleta mbele kidogo.

Kwetu mtoto ni wa mama. Lukolo, yaani ukoo, unaurithi kwa mama. Shamba linatoka upande wa mama. Na mwanamume mwenye neno la mwisho juu yako ni kaka wa mama yako. Baba alikuwepo, na alikuwa mtu mwema, alisimama foleni ya sukari kama baba wengine wa miaka ile. Lakini jambo likishakuwa zito, iwe ada ya shule, ugomvi wa mpaka au mtoto aliyekataa kwenda kuungama, mama alimaliza mazungumzo kwa maneno matatu: "Ngoja mjomba wako."

Mjomba alikuwa besi. Wako watu wanaoimba besi Jumapili, halafu Jumatatu wanaongea kama sisi wengine. Yeye aliagiza chumvi dukani kwa besi, na alifukuza ngedere migombani kwa besi. Nilipokuwa mdogo niliamkia "Shikamoo mjomba" kisha nikasimama kungoja "Marahaba" ije, maana ilikuwa inakuja kutoka mbali, kama gari unalolisikia kabla halijapinda kona.

Alilelewa na misheni. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Matombo mwaka 1897, wakati wa Wajerumani, na miaka ya ujana wa mjomba mapadri waliokuwapo walikuwa Waholanzi. Misa ilikuwa bado Kilatini. Kijana wa mlimani asiyejua hata neno moja la lugha ile alijifunza Misa ya wafu yote kwa kichwa, tangu mwanzo hadi *Libera me* inayoimbwa juu ya jeneza. Nilipomuuliza maana yake alisema, "Sijui maana. Najua pa kuvuta pumzi." Mtaguso wa Pili wa Vatikani ukapita, Misa ikaja kwa Kiswahili, na utaratibu mpya wa mazishi ukaiacha *Dies irae* nje. Kiswahili alikifurahia sana, ila ile *Dies irae* aliihesabu kama kitu kilichoibwa. Aliendelea kuiimba peke yake akipogoa migomba, na sisi watoto tulidhani ni wimbo wa migomba.

Mara moja tu alinieleza pale Kilatini kilipomfaa. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ilikuwa inawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, kazi ya kuvunja mgongo ambayo watu waliona inaharibu udongo kuliko kuuhifadhi. Umati ulikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mjomba alikuwa miongoni mwa waliokimbia. Alilala porini, na usiku huo, alisema, aliimba Kilatini kwa sauti ya chini mpaka kulipokucha. "Ningeimba nini kingine? Nyimbo za mavuno?"

Alikuwa na daftari. Noti zake hazikuwa zile za mistari mitano. Zilikuwa herufi za sol-fa, d, r, m, f, zilizoandikwa kwa penseli iliyolambwa kwa ulimi, na katika kila wimbo alinakili mstari mmoja tu, ule wa nne. Ukilifungua daftari lile hukuti wimbo hata mmoja. Unakuta sakafu za nyimbo, nyumba zenyewe hazipo.

Januari 1979, Radio Tanzania ilipotangaza kwamba mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe amekufa kwa ajali ya gari huko Mombasa, nilikuwa na miaka kumi. Watu wa Morogoro walikwishaonja jambo hilo: Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba naye alikuwa amekufa kwa ajali mwaka 1965. Mjomba, ambaye kwa kawaida muziki wa dansi aliusikiliza kwa sikio moja, aliichukua redio akaiweka mapajani kama mtoto mgonjwa. Tangazo lilipokwisha hakuizima. Alikaa kimya, kisha akauliza, akimuuliza nani sijui: "Mtu aliyewaimbia wote, yeye anaimbiwa na nani?"

Mwaka 1983 nilichaguliwa seminari ndogo ya Bigwa. Mjomba ndiye aliyenipeleka, na sanduku langu alilibeba yeye kichwani kutoka kituo cha basi, jambo lililonitia aibu wakati ule.

Palikuwa na padri Mholanzi, mzee mwenye masikio makubwa, aliyetufundisha muziki. Alikuwa mtu wa kubishana. Alituambia habari za Padri Stephen Mbunga wa Peramiho, aliyeandika kitabu mwaka 1963 kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, kisha akatuuliza kwa nini sisi wenyewe tunaona haya kuleta ngoma altareni. Hakuna aliyejibu. Jumamosi mchana aliwafungulia kabati la kaseti wale waliotaka kusikiliza. Wengi walikwenda mpirani. Sisi tuliobaki tulikuwa wanne au watano, na nakiri kwamba mimi nilibaki kwa sababu ya biskuti.

Ndipo siku moja akaweka kaseti iliyoanza na filimbi mbili.

Zilikuwa filimbi za mbao, zile zinazoshikwa wima mdomoni, na chini yake mazeze mawili makubwa ya kizungu yanayokaa katikati ya magoti, na kinanda. Basi. Hakuna violini, hakuna tarumbeta. Filimbi zinakwenda pamoja, karibu sauti ileile, lakini kila mara moja inanyamaza kidogo na nyingine inaendelea, halafu ile ya kwanza inarudi kama mtu aliyekwenda kufuta kamasi. Mwenzetu mmoja kutoka Mgeta akanong'ona, "Hii ni mbeta ya wagonjwa," tukaangua kicheko. Mbeta ni ngoma yetu ya filimbi za mianzi, ambapo wapulizaji wanapokezana sauti mpaka wimbo unatokea, na ni ngoma ya jasho. Hii ya padri ilikuwa imelala kitandani.

Padri hakukasirika. Alisema mtunzi wake alikuwa na miaka ishirini na miwili tu, na kwamba hiyo ni kazi ya msibani. Hapo ndipo nililisikia jina la Johann Sebastian Bach likitajwa bila ya wigi na picha ya mzee mnene. Alizaliwa Machi 1685. Mama yake alikufa mwaka 1694, baba yake akafuata miezi michache baadaye, na mtoto asiyefika hata miaka kumi akalelewa na kaka yake mkubwa. Mwaka 1707 alihamia mji wa Mühlhausen kupiga kinanda cha kanisa kwa mshahara wa gulden 85 kwa mwaka, pamoja na nafaka, kuni na samaki kidogo. Wakati huo, 1707 au 1708, ndipo alipotunga kazi hii, ambayo watu huiita *Actus tragicus*. Karatasi alizoziandika kwa mkono wake zimepotea. Nakala ya zamani kabisa iliyobaki ni ya mwaka 1768, wakati yeye amekwisha kufa miaka kumi na minane.

Padri aliisimamisha kaseti sehemu moja akatueleza kinachokuja. Sauti za chini, alto, tenori na besi, zinaingia moja baada ya nyingine na kufukuzana, zikitangaza sheria ya zamani kwamba binadamu hana budi kufa. Zinasema na kurudia, kama mahakama. Kisha juu yake inaingia sauti ya soprano peke yake, haibishani na zile za chini, haizijibu kabisa. Inamwita tu Bwana wake aje. Filimbi zinaleta sauti ya wimbo wa kanisani ambao waumini wa siku zile waliujua. Mwishoni sauti za chini zinaachia, vyombo vinaachia, soprano anabaki hewani bila kitu cha kukanyagia, sauti yake inatetereka, inakatika. Halafu Bach ameandika kimya. Kimya kimepewa nafasi yake kwenye karatasi, na alama juu yake ya kusema kirefushwe.

"Mmesikia?" aliuliza padri.

Tulisema ndiyo, padri. Hatukusikia chochote. Tulisikia kengele ya kwenda kumwagilia bustani.

Jumamosi nyingine alituwekea kazi ya Beethoven, naye aliyoitunga akiwa kijana kuliko Bach, miaka kumi na tisa, mwaka 1790, kuomboleza kifo cha Kaizari Josefu wa Pili. Kubwa, okestra nzima, kwaya inatikisa kabati. Haikuimbwa hata mara moja mtunzi akiwa hai. Ilisikika kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1884. Padri aliipenda kuliko ile ya filimbi. Mimi wakati ule nilikubaliana naye, na leo sikubaliani. Ni maombolezo ya mtu ambaye hakuwahi kula na marehemu. Unaweza kumlilia mfalme kwa sauti kubwa kiasi chochote, lakini hutajua alikuwa akikohoa vipi asubuhi.

Seminari niliiacha baada ya kidato cha nne, kwa sababu ambazo mjomba alizisikiliza zote mpaka mwisho, akasema, "Basi. Hata padri anahitaji mtu wa kuuza sabuni." Nilipata ukarani wa stoo katika kiwanda kimojawapo mjini, enzi zile Morogoro ilipokuwa mji wa viwanda. Nilipanga chumba Mji Mpya. Nyumbani nilikwenda Krismasi na Pasaka.

Aprili 1989 utingo wa lori la mananasi alinifuata getini na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa katekista. Mjomba amefariki alfajiri, mazishi kesho, njoo.

Safari ile ya kilomita hamsini hivi ilichukua siku nzima. Lori lilizama kwenye tope baada ya Kiroka, tukashuka wote kusukuma, likatoka, likazama tena. Mkuyuni dereva alikata tamaa akaenda kutafuta chai. Nilitembea sehemu iliyobaki, viatu mkononi. Uluguru wakati wa masika ina harufu ya majani ya mgomba yaliyooza na moshi uliokataa kupanda, na kila baada ya muda unasikia jiwe likijiachia mahali fulani juu. Nilifika kama saa mbili usiku. Kabla sijaiona nyumba nilisikia kilio, na baada ya kilio, nisichotegemea hata kidogo, nikasikia besi ya mjomba.

Ilikuwa inaomba ugoro.

Walikuwa watani. Kwetu mtu akifa watani wa ukoo wake wana haki zao, na siku hiyo mmoja wao, mzee mfupi kuliko mjomba kwa futi nzima, alikuwa amejilaza mlangoni kwa marehemu na kanzu ya marehemu, akiagiza ugoro, akiwakemea wanakwaya kwa kuchelewa, akidai hatanyanyuka mpaka alipwe. Alimpatia mjomba mpaka ile pumzi aliyoivuta kabla ya kusema. Waliokuwa wanalia walicheka, wakalia tena. Nilimpa shilingi ishirini akaninyooshea mkono akiwa bado amelala: "Marahaba, mpwa wangu. Umetoka sabunini?"

Ndani wanawake walikuwa wameketi mikekani. Mama alikuwa kichwani kwa kaka yake, khanga ameifunga kiunoni, macho makavu. Desturi ni kwamba kila anayeingia analia na wenye msiba wanalia naye upya. Nililia. Mama hakulia. Alinishika kifundo cha mguu, mguu wenye tope, akasema, "Umefika. Kaka yangu amenyamaza."

Nje wanaume walikaa juu ya magogo chini ya bati la jiko, mvua ikipiga bati, moto ukisuasua. Kwaya ilifika saa nne kukesha nasi. Mwalimu wa kwaya alipanga watu wake kwa taa ya chemli: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa na watu watatu, mwalimu wa shule ya msingi, kijana ambaye sauti yake ilikuwa imevunjika juzi tu, na mzee mmoja mwenye pumu. Waliimba wimbo wa kwanza, na kila mtu pale uwanjani, hata asiyejua d na r, alisikia kwamba chini hamna kitu. Wimbo ulikuwa unaelea. Mwalimu aliwanyamazisha akageuka kunitazama.

"Wewe si mpwa wake? Ingia besi."

Nilimwambia mimi ni tenori. Akasema leo hakuna tenori.

Niliingia. Nilibana shingo nikashusha sauti mpaka koo likauma, na tukaanza wimbo wa maombolezo ambao maneno yake ni yale yanayosemwa katika misiba yote duniani, kwamba tulitoka udongoni na udongoni tutarudi, mkubwa na mdogo. Sauti ziliingia kwa zamu, ya nne kwanza, halafu ya tatu, halafu ya pili. Tulikuwa tunaimba hukumu. Sikulifikiri hilo wakati ule. Nilikuwa nahangaika na noti.

Ubeti wa pili, mama alianza. Hakuja kwetu, alikuwa ndani kulekule, na hakuimba wimbo wetu. Alikuwa anaita. Alimwita kaka yake kwa jina la utotoni ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia, jina la mtoto anayetumwa maji mtoni, akaliita kwa sauti ya juu iliyoshuka kidogo kidogo kama mtu anayeteremka mlima kwa kushikilia majani, kisha akapanda tena kuanzia juu. Hakufuata ufunguo wetu na wala hakugongana nao. Sisi chini tulirudia hukumu, mama juu aliita. Ni kama hakusikia kwamba tumekwisha kumjibu.

Mwalimu wa kwaya alipaswa kutukatisha mwisho wa ubeti, na alitukatisha. Sauti zote nne zikaachia. Mama hakujua kwamba tumeachia. Aliendelea peke yake, mara moja, nusu ya mara ya pili, sauti ikatetereka, na katikati ya lile jina ikakatika.

Hakuna aliyekohoa. Hata yule mtani alikuwa ameketi wima, kanzu ya marehemu imemfunika mikono. Nilisikia mvua kwenye bati, na chini ya mvua nikasikia kaseti ya padri, miaka mitano baadaye, kilomita hamsini mbali. Nilijua kwa hakika kwamba yule kijana wa Mühlhausen alikuwa amekaa nyumba kama hii. Kimya kile hakukitunga. Alikisikia akakinakili, akaweka na alama ya kusema kirefushwe, kwa sababu waliokuwa naye hawakuwa na haraka ya kukivunja.

Mazishi yalikuwa kesho yake saa nane, mvua ikiwa imepumzika. Nayapitia haraka, mazishi yote yanafanana. Lakini kaburini wazee watatu waliobaki wa kwaya ya zamani waliomba ruhusa kwa padri, kijana Mluguru aliyekulia baada ya Kilatini, naye akawaruhusu. Waliimba *Libera me*. Walifika katikati wakapotea, wakatazamana. Ilikuwa mahali ambapo besi ndiyo inayoongoza njia. Walingoja kidogo, wakaendelea kutoka upande wa pili.

Matanga yalipokwisha wazee wa ukoo waliketi, na jambo nililoliogopa tangu njiani likasemwa. Mjomba hakuwa na mdogo wa kiume aliye hai. Mpwa mkubwa ni mimi. Jina lake ni langu, kigoda chake ni changu, na shamba lile la migomba na mananasi kwenye mteremko ni langu. Watoto wake wanne, ambao walilipalilia tangu wakiwa na urefu wa jembe, walikuwa wamekaa upande mwingine wa uwanja kama wageni. Kwa desturi walikuwa wageni kweli, wao ni wa ukoo wa mama yao. Binti yake mkubwa alikuwa anatazama mikono yake. Nilimkumbuka akinibebea nanasi mpaka barabarani kila niliporudi mjini.

Mjomba mwenyewe alikuwa amejiandaa. Ndani ya *Actus tragicus* kuna mahali pametolewa kwenye kitabu cha Isaya, mfalme Hezekia anapopelekewa habari kwamba apange mambo ya nyumba yake kwa kuwa atakufa, na Bach amempa mwimbaji wa besi maneno hayo. Mjomba alipanga yake kwenye kurasa za mwisho za daftari la sol-fa. Chini ya Mtakatifu ya Kiswahili ameandika kwamba anadaiwa shilingi mia na ishirini na mwenye mashine ya kusaga. Chini ya wimbo wa Kwaresima, kwamba jembe jipya si lake, la jirani. Kuhusu shamba hakuandika chochote. Alijua mila, na aliwajua wanawe, akaacha ukurasa mtupu. Nimewahi kumkasirikia kwa ukurasa ule.

Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma kwa bidii habari za Bach, nilikutana na kitu kilichonifanya nikifunge kitabu nikatoka nje. Wataalamu wengi wanakisia kwamba kazi ile ilitungwa kwa ajili ya Tobias Lämmerhirt, aliyekufa Erfurt Agosti 1707. Tobias alikuwa nani? Kaka wa mama yake. Mjomba! Na alimwachia mpwa wake gulden 50, zaidi ya nusu ya mshahara wa mwaka, na Oktoba mwaka huohuo kijana akaoa. Wako wanaosema la, ilikuwa ya msiba wa Adolph Strecker, aliyewahi kuwa meya wa Mühlhausen, aliyekufa Septemba 1708. Ushahidi hautoshi upande wowote. Mimi sina ushahidi zaidi yao, nina upendeleo tu, na sioni haya kuutangaza: yatima aliyerithi kwa mjomba anajua deni ambalo meya hawezi kumdai.

Mbele ya wazee nilichukua jina, kigoda na daftari. Kuhusu shamba nilisema mimi ni mtu wa stoo, sijui kupogoa, na binti wa marehemu aendelee kulilima kama alivyokuwa analilima. Wazee waligeuza nyuso. Mmoja aliniambia polepole, kwa upole wa kutisha, kwamba ardhi ya bibi yetu nimeitoa nje ya tombo. Alisema kweli. Mwaka uliofuata binti yule alileta mkungu wa kwanza kwa mama bila kuambiwa, na mwaka uliofuata pia, na neno la shamba halikurudiwa tena, ingawa yule mzee hakuitikia shikamoo yangu mpaka alipokufa.

Yule padri Mholanzi alirudi kwao kuzeeka, na kabla ya kuondoka aligawa kaseti zake. Nilimwomba moja. Krismasi ya 1991 niliibeba Matombo pamoja na redio kaseti ya kuazima. Jioni, mama akiwa anachambua mchele ukumbini, nikaiweka.

Filimbi zilipoanza aliuliza kama ni wachunga mbuzi. Nilimwambia ni msiba. Akarudi kwenye mchele. Sauti za chini zilipoanza kufukuzana mikono yake ilipunguza mwendo, na soprano alipoingia ikasimama. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka pale kwenye kukatika, na kile kimya kilipokuja nilibonyeza kitufe, sikutaka kinachofuata.

"Huyu dada amefiwa na nani?"

"Mtunzi alifiwa na mjomba wake, mama. Kaka wa mama yake. Labda."

"Labda?" Alinitazama. "Mtu analia hivi, na nyinyi hamjui anamlilia nani?"

Sikuwa na jibu. Alipepeta mchele mara mbili, akaokota jiwe moja akalitupa uani.

"Na hao wa chini, mbona wamemwacha peke yake?"

"Ilikuwa imeandikwa hivyo."

"Hm." Alifikiri. "Besi yao nzuri. Rudisha pale kwenye filimbi."

Nilirudisha. Betri zilikuwa zimechoka, filimbi zikaanza kwa uvivu, zikashuka, zikazidi kushuka, mpaka zikawa na sauti ya mtu mzima anayevuta pumzi kutoka mbali kabla ya kuitikia. Kisha mkanda ukasimama. Mama alisema tuzianike betri juani kesho asubuhi, kama jua litatoka.